Kitanda, meza, kiti na taa

Leo nakuomba tuingie pamoja katika chumba kimoja kidogo kilichojengwa juu ya nyumba ya mama mmoja huko Shunemu. Habari zake zimo katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4. Kama una Biblia karibu, ifungue. Kama huna, nitakusimulia.

Mama huyo alikuwa na uwezo, naye alimwona nabii Elisha akipita njia ile mara kwa mara. Mwanzo alikuwa akimkaribisha chakula tu. Baadaye akashauriana na mumewe wamjengee mgeni yule chumba. Sasa tazama jambo hili: mama yule hakuishia kwenye kuta. Alitaja kwa majina vitu vinne vya kuwekwa ndani, yaani kitanda, meza, kiti na taa. Kabla mgeni hajafika, mwenyeji alikuwa ameshajiuliza atalala wapi, atakula wapi, ataketi wapi, na usiku ukiingia ataona kwa nini.

Nimeifundisha habari hii kwa watoto wa Shule ya Jumapili mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Vile vitu vinne nilivipita kila mara bila kuvitazama, mpaka masika moja hapa kwetu Misunkumilo, Manispaa ya Mpanda, nilipojikuta mimi ndiye mwenyeji.

Wewe unayeishi Katavi unazijua mvua zetu. Zinaanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Nyumba ya tofali mbichi isiyo na msingi wa mawe huanza kunywa maji kutoka chini, kidogo kidogo. Ukuta hutoa ufa, mwenye nyumba huuziba kwa udongo, ufa unarudi. Usiku mmoja ukuta wa nyumba ya jirani zetu ukalala, na paa likaufuata. Mungu ni mwema, wote walitoka hai: baba, mama, watoto wanne, na bibi mzaa baba ambaye hata kutembea kwake ni kwa kushikwa mkono. Watu saba, na magodoro mawili yaliyolowa.

Usharika wetu ulifanya lililo jema. Tuliwafungulia chumba cha nyuma ya kanisa, kile tunachofundishia watoto. Jumapili ile matangazo yalisomwa, na watu wakaguswa. Ukaja unga, zikaja nguo, sabuni na maharage. Mtu mmoja alileta sufuria mpya yenye karatasi yake bado. Tulimshukuru Mungu, tukarudi nyumbani tukiwa tumejaa furaha ya watu waliotenda mema.

Wiki ya pili unga ulipungua. Wiki ya tatu yakaanza maneno. Moshi unachafua ukuta wa kanisa. Choo hakikutosha. Watoto wa Shule ya Jumapili wanafundishwa chini ya mwembe na mvua ikinyesha wanakimbia. Baba yule mbona ana nguvu, kwa nini hatafuti pa kwenda? Katika kikao cha wazee wa kanisa jambo lilijadiliwa kwa upole sana, na uamuzi ukatoka kwa upole vilevile: wapewe siku chache watafute sehemu nyingine. Mimi nilichaguliwa kupeleka ujumbe, kwa kuwa nilikuwa naishi jirani.

Nilikwenda jioni. Mama aliponiona alisimama upesi, akapindua ndoo, akaipangusa kwa kanga na kusema, "Karibu kiti, mzee." Nikaketi juu ya ile ndoo. Ndani ya wiki tatu, hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba watu saba hawana kitu cha kukalia. Nje, binti yao mkubwa, mwanafunzi wa darasa la saba, alikuwa amesimama amebandika daftari ukutani chini ya taa ya kanisa, anafanya hesabu. Alikuwa anaharakisha, maana taa ile tulikuwa tunaizima saa tatu ili umeme wa LUKU usiishe haraka.

Nilisema nililotumwa. Mama aliinamisha kichwa, akajibu, "Asanteni kwa kutusitiri, mzee. Tutaondoka." Siku mbili baadaye chumba kilikuwa kitupu na kimefagiwa. Ilikuwa mwezi Machi. Sikuuliza wanakwenda wapi.

Septemba mwaka ule, siku ya mtihani wa darasa la saba, nilikuwa mjini karibu na stendi. Nikamwona binti yule amebeba beseni la karanga kichwani. Wenzake walikuwa ndani ya vyumba vya mtihani, naye alikuwa anapita kati ya pikipiki akiuza vifungu vya karanga. Aliponiona alipiga goti kidogo na kuniamkia, "Shikamoo, mzee." Mpendwa msomaji, nimepokea shikamoo nyingi katika maisha yangu, lakini ile ilinishinda kuibeba. Nilijibu marahaba, nikanunua karanga ambazo sikuzila.

Usiku ule ndipo niliporudi Shunemu.

Nilianza na kitanda. Tuliwapa watu saba chumba kimoja kisicho na hata pazia. Baba alikuwa analala barazani kwa kuona aibu ya kulala chumba kimoja na mama yake mzazi na binti yake mkubwa. Familia inayohifadhiwa haihitaji jengo kubwa. Mara nyingi inahitaji kamba, misumari na vitenge viwili vya kugawa chumba, chandarua, na mlango unaofungwa kwa ndani. Baba anapolala nje kwa aibu wiki tatu mfululizo, usishangae wiki ya nne akienda kutafuta kibarua mbali na asirudi. Ukuta wa nyumba ulikuwa umeanguka. Sisi, kwa kutofikiri, tuliuacha ukuta wa familia nao uanze kutoa ufa.

Nikaja kwenye meza. Tulileta unga wa siku saba, tukafikiri tumemaliza. Hatukuuliza shamba lao liko wapi, palizi imefika wapi, wala jembe limebaki chini ya kifusi au limeokolewa. Msaada wa chakula ni mzuri, lakini mtu mzima anayepokea kila siku huanza kujiona mtoto. Mama yule angeshukuru zaidi kupewa sehemu ya kuweka mafiga yake na mtaji mdogo wa kukaanga maandazi kuliko kusubiri kila Jumapili tumkumbuke.

Kiti kilinichoma zaidi. Kiti maana yake ni kwamba mtu anaketi, na anayeketi husikilizwa. Sisi tulijadili habari za familia ile katika vikao vitatu, na hata kimoja hatukuwaita waketi nasi. Tungewaita, tungejua jambo moja lililokuwa wazi kabisa: kiwanja kilikuwa chao. Kilichoanguka ni nyumba, kiwanja kilikuwepo. Kutoka ile Machi tulipowaondoa hadi mvua zikatike ilibaki kama miezi miwili. Kiangazi kikishafika, kila mtu hapa Mpanda anafyatua tofali na kuchoma tanuri. Vijana wa usharika wangeweza kufyatua tofali za vyumba viwili, akina mama wakabeba maji, na fundi ni mshirika wetu. Familia ile ilihitaji miezi michache ya kusitiriwa na watu wa kuinua ukuta pamoja nao. Tuliwafukuza mlangoni pa kiangazi.

Na taa unaijua tayari. Taa ile ya nje ilikuwa ndiyo shule ya binti yule, nasi tuliizima saa tatu.

Mpendwa msomaji, huenda unasema: hayo ni ya serikali, kanisa halina uwezo huo. Nakubaliana nawe nusu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataja haki ya mtoto kupata chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu na malezi, na kila halmashauri ina ofisi ya ustawi wa jamii inayopaswa kushughulikia kaya zilizokwama namna hii. Ada imeondolewa katika shule za msingi na sekondari za serikali. Kuna TASAF, ambayo imekuwa na mpango wa kunusuru kaya maskini. Kuna Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi, na kuna namba 116 ambayo mtu anaweza kupiga bila malipo kuhusu mtoto aliye katika shida.

Lakini mtu aliyelala barazani, ambaye vyeti vyake vimeoza chini ya kifusi, anafikaje kwenye milango hiyo? Hajui aanzie kwa mwenyekiti wa mtaa au kwa mtendaji. Kitambulisho hana. Nguo anayoona inafaa kuingia nayo ofisini hana. Hapo ndipo nusu yetu ilipo, wewe na mimi, tunaojua njia ya ofisi na tunaoweza kusema, "Twende, nitakusindikiza."

Niseme pia neno kuhusu familia nyingine, ambazo hazikuangushiwa nyumba na mvua. Kuna mama anayebisha hodi usiku na watoto wawili na jicho lililovimba. Nyumba anayo, ila hawezi kulala ndani yake. Tusiharakishe kumrudisha asubuhi kwa sala ya upatanisho ili sisi tubaki na amani. Kwanza apate kitanda salama, kisha kiti cha kusikilizwa, kisha asindikizwe hospitali na kwenye Dawati. Upatanisho wa kweli haumwogopi daktari wala haumwogopi polisi.

Sasa turudi kwa mama wa Shunemu, maana habari yake haikuishia sura ya 4. Wengi wetu tunamwacha pale mwanawe anapofufuliwa. Lakini endelea hadi sura ya 8, mistari sita ya kwanza. Njaa ilikuja juu ya nchi kwa miaka saba. Elisha alimwambia mama yule aondoke na watu wa nyumbani kwake, akakae ugenini popote atakapopata. Akaenda katika nchi ya Wafilisti. Yule aliyejenga chumba cha wageni akawa mgeni mwenyewe. Yule aliyetandika kitanda akawa mtu wa kuulizwa, "Nyinyi mtaondoka lini?"

Miaka saba ilipokwisha akarudi, na nyumba yake na shamba lake havikuwa tena mkononi mwake. Akaenda kumlilia mfalme. Kumbuka kwamba zamani, katika sura ya 4, Elisha alikuwa amemuuliza kama angependa aombewe neno kwa mfalme. Alijibu kwamba anakaa kati ya watu wake mwenyewe, yaani hana shida hiyo. Hivyo ndivyo tunavyojibu sote wakati paa liko juu yetu. Hakuna anayejua ni lini atahitaji mtu wa kumsemea.

Siku ile Mungu alikuwa amemwandalia msemaji. Gehazi, aliyekuwa mtumishi wa Elisha, alikuwa mbele ya mfalme akisimulia habari za mama huyuhuyu, na wakati huohuo mama akaingia na mwanawe. Mfalme akamuuliza mwenyewe, naye akaeleza kwa kinywa chake. Kisha mfalme akafanya jambo ambalo kila usharika unafaa kulijifunza. Hakusema "tutaona", wala hakumpa unga wa kurudi nao. Alimteua ofisa mmoja wa kumshughulikia, akamwagiza amrudishie vyote vilivyokuwa vyake, pamoja na mazao ya shamba lake tangu siku aliyoondoka.

Ofisa mmoja, mpendwa msomaji. Mtu mmoja mwenye jina, ambaye akiulizwa kesho, "Yule mama amefikia wapi?", anapaswa kuwa na jibu. Sisi Misunkumilo tulikuwa na kamati, tulikuwa na matangazo na mfuko wa diakonia. Mtu mmoja wa kuulizwa hatukuwa naye. Kazi ikawa ya wote, na kazi ya wote haina mwenyewe.

Usiseme mambo haya yaliwezekana enzi za wafalme tu. Hapa hapa mkoani kwetu yamewezekana. Mwaka 1972 watu wengi walikimbia mauaji nchini Burundi, wakafika wakiwa na walichoweza kubeba. Katika msitu wa Katumba, na baadaye Mishamo, serikali, Umoja wa Mataifa na shirika la Wakristo la TCRS, lililoanzishwa mwaka 1964, walikaa pamoja. Familia hazikuachwa zikisubiri chakula cha mgawo milele. Zilipewa ardhi ya kujenga na kulima, zikapata shule, zahanati na maji. Haikuwa paradiso, waliofyeka msitu ule wanajua taabu yake. Lakini walijenga nyumba kwa mikono yao, wakalima mpaka wakajilisha na kutulisha na sisi wengine. Na kuanzia mwaka 2014 vyeti vya uraia vilianza kutolewa kwa watu zaidi ya 160,000 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Wengi wetu hapa Mpanda tumesoma nao, tumeoana nao na tunaimba nao kwaya moja. Waliofika bila paa sasa ndio wanaotukaribisha kwao.

Yamewezekana pia Hanang. Asubuhi ya Desemba 3, 2023, Jumapili ya kwanza ya Majilio, wakati makanisa yanajiandaa kuimba habari za familia iliyokosa nafasi katika nyumba ya wageni, tope na mawe vilishuka kutoka mlimani na kufunika makazi ya Katesh na maeneo ya jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa. Walionusurika walihifadhiwa katika shule, na nchi nzima ikachanga. Lakini jambo la kutazama ni lile lililofuata baada ya kamera kuondoka: kutafutwa kwa viwanja katika eneo salama na kujengwa kwa nyumba zaidi ya 100 kwa waliopoteza makazi. Darasa la shule lilikuwa daraja, na daraja watu huvuka.

Hapo ndipo tulipokosea sisi. Kufungua chumba kile lilikuwa tendo jema, nami sitalijutia kamwe. Tulikosea kukifungua bila kujua mlango wa pili uko wapi, ule wa kutokea kwenda nyumbani kwao. Chumba chenye mlango wa kuingilia tu, mwishowe anayekaa humo hutolewa kwa mlango uleule alioingilia, akarudi mvuani.

Unataka kujua habari za yule binti. Baada ya siku ile ya karanga nilikwenda kwa wazee wenzangu na kuwaeleza nilichokiona. Hatukugombana, tulinyamaza kwa muda mrefu. Kisha tukafanya alichofanya mfalme, tukateua mtu mmoja. Tulimchagua mama mmoja, mwalimu mstaafu, asiyependa maneno mengi. Aliitafuta familia, akaikuta imepangishiwa chumba kimoja mtaa mwingine. Baba alikuwa ameshaondoka kwenda kutafuta kazi na alikuwa hajaleta habari. Mwalimu yule alikwenda shuleni na binti, akaenda kwa mtendaji na mama, akakaa kwenye benchi za ofisi asubuhi nyingi. Mwaka uliofuata binti alirudi kukaa darasa la saba tena, na kiangazi kile vyumba viwili vya tofali za kuchoma vikasimama juu ya kiwanja chao, vyenye msingi wa mawe.

Lakini sitakudanganya kwamba kila kitu kilirudi. Baba alirudi baada ya muda mrefu, na bibi hakuwahi kuiona nyumba mpya. Binti yule alipoteza mwaka mmoja wa maisha yake, nami nina sehemu yangu katika kupotea kwake. Mungu husamehe, na nimemwomba. Yule mama pia nilikwenda kumwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Yamepita, mzee." Kisha akaniletea kiti. Safari hii kilikuwa kiti cha mbao.

Kwa hiyo wiki hii nakuachia kazi ndogo. Ukitoka ibadani leo, usiende moja kwa moja nyumbani. Muulize mchungaji wako, padri wako au mzee wa kanisa wako: familia ikibisha hodi usiku wa leo, tuna chumba gani? Ndani yake kuna kitanda na pazia? Kuna mahali pa kupikia? Nani ataketi nao na kuwauliza wanahitaji nini? Taa itazimwa saa ngapi? Na nani, kwa jina lake, tutamuuliza baada ya mwezi mmoja wamefikia wapi? Kama majibu hayapo, mvua zisiwakute bado mnajadiliana.

Na kama wewe unayesoma ndiye usiye na pa kulala, au unaishi kwenye chumba cha watu na umeanza kusikia maneno, usijione mzigo. Bwana wetu mwenyewe alizaliwa pasipokuwa na nafasi, akabebwa mtoto kwenda ugenini Misri, na alipokuwa mtu mzima alisema wazi kwamba hana mahali pa kulaza kichwa. Aketiye katika kiti cha enzi anaijua baridi ya barazani.

Tuombe. Ee Mungu Baba, utusamehe milango tuliyoifungua kwa furaha na kuifunga kwa upole. Utupe macho ya mama wa Shunemu, tuone kitanda, meza, kiti na taa kabla mgeni hajafika. Uwasitiri wote watakaolala nje usiku wa leo, na ututume kwao. Kwa jina la Yesu Kristo, Amina.

Jumapili njema.